Vifungo Hamsini

Somo: Kutoka 26:1–11, Mathayo 5:23–24

Wiki hii tuongee juu ya kitu kidogo sana: kifungo cha nguo.

Wengi mmeona kazi ya kikundi cha akina mama wetu hapa Samburu. Wanakusanya vipande ambavyo mafundi wa cherehani kando ya barabara kuu wangevitupa: kitenge, leso iliyochanika, sare ya shule iliyopauka. Hakuna anayechora mfano kwanza. Mama anatandika vipande mkekani, anaangalia, anahamisha chekundu, anapunguza kile kirefu, na blanketi linajitokeza polepole mikononi mwake.

Halafu kuna wale wa vifungo. Wanatumia vifuu vya nazi, na kwa sababu huku kwetu ni kukavu, vifuu vinatoka upande wa Ukunda na Msambweni. Kifuu kinaparuzwa nyuzi, kinakatwa duara, kinatobolewa matundu mawili, kinapigwa msasa mpaka kilainike, kisha kinapakwa mafuta ya nazi. Kile tulichozoea kukitia motoni au kukifanya upawa, sasa kinafunga foronya.

Kushona vipande si jambo geni Pwani. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa huku walinunua vitambaa vya mkono vilivyochapwa maua, wakashona sita pamoja, vitatu juu na vitatu chini, wakajifunga. Wafanyabiashara walipoona inapendeza, wakaanza kuchapa nguo nzima. Neno leso lenyewe limetoka kwa Wareno, na kwao lenço ni kitambaa tu cha mkono. Mama, hiyo leso uliyojifunga ilianza kama vipande!

Sasa tuje kwenye shida. Sitataja mtu, lakini kanisa zima linajua. Washonaji wanasema blanketi ndilo linalouzwa, kwa hivyo pesa ni yao. Wa vifungo wanasema wanavunja vifuu vitatu kupata kifungo kimoja kizuri, na bila wao foronya inabaki mdomo wazi. Hesabu ziko vichwani, hazijaandikwa popote. Wiki mbili sasa wengine hawasalimiani hata mlangoni mwa kanisa. Kuna mama mjane ameacha kuja kabisa, na hiyo pesa ndiyo ilikuwa unga wa watoto wake. Wapo wanaosema tugawanyike, kila upande uende zake.

Fungua Kutoka 26. Mungu anamwambia Musa ajenge maskani. Wako jangwani, si mjini penye maduka. Vifaa vinatoka kwa watu wenyewe: sura ya 35 inatuambia wanaume na wanawake walileta mapambo yao ya dhahabu, na wanawake wenye ujuzi wakasokota nyuzi, hata za manyoya ya mbuzi. Mbuzi, wapendwa! Mtu wa Samburu akisoma hapo anajiona.

Mapazia ya ndani yalikuwa kumi. Matano yakaunganishwa upande huu, matano upande ule. Hayo ni makundi mawili, sivyo? Sikiza Mungu anavyoyaunganisha. Kila upande utiwe tanzi hamsini, na tanzi zielekeane. Halafu vifungo hamsini vya dhahabu vishike huku na huku, ili maskani iwe kitu kimoja.

Angalia mambo matatu.

Kwanza, tanzi ni hamsini kwa hamsini. Mungu hakusema upande wenye kitambaa kizuri uwe na tanzi kumi, ule mwingine ujaze tisini. Kila upande una kazi sawa ya kujiandaa kuunganishwa. Usikae nyumbani ukisema, "Akitaka amani atakuja yeye." Je, tanzi zako ziko wapi?

Pili, zielekeane. Tanzi zikiangalia pembeni, hata kifungo cha dhahabu hakitashika. Watu wasioangaliana usoni hawawezi kuunganishwa na mahubiri, hata mchungaji ahubiri mpaka usiku. Yesu anasema wazi katika Mathayo 5: ukiwa madhabahuni na sadaka yako, ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache hapo, uende mkapatane kwanza.

Tatu, dhahabu iliwekwa kwenye kiungo. Mungu anathamini sana pale vipande viwili vinapokutana. Sisi tunasifu kitambaa, yeye anaweka dhahabu kwenye kifungo.

Na kupatana si machozi peke yake. Nilisomea biashara, kwa hivyo niruhusuni hesabu kidogo, kwa mfano tu. Tuseme foronya imeuzwa shilingi 800. Uzi, vifuu, msasa na nauli ni 200. Inabaki 600. Mshonaji ametumia saa nne, wa vifungo saa mbili. Ukimpa mshonaji zote, umemnyang'anya mwenzake. Ukigawa nusu kwa nusu, inasikika kama haki, lakini sasa mshonaji ameumia. Gawa kwa saa za kazi: 400 na 200. Hapo kila mmoja anakwenda nyumbani na jasho lake. Lakini hesabu hiyo haiwezekani bila daftari lililoandikwa na kusomwa kwa sauti mbele ya wote. Daftari lililofichwa huzaa maneno. Likisomwa hadharani, maneno yanakosa pa kukaa.

Mpendwa, Kiswahili chetu kimeipa kifungo maana mbili. Kuna kifungo cha jela, na kuna kifungo cha nguo. Kinyongo kinakufunga wewe mwenyewe, unabaki ndani peke yako. Msamaha unakufunga na mwenzako, mnapata joto pamoja. Chagua kifungo chako.

Kwa hivyo wiki hii, mama zangu, nawaomba mambo mawili. Kabla ya Jumapili, wawili waende, mmoja mshonaji na mmoja wa vifungo, wabishe kwa yule mama mjane. Wasiende kumuuliza mbona haji. Waende na sehemu yake ya pesa. Halafu kikundi kikae na daftari jipya, ukurasa wa kwanza.

Na wewe unayesoma ukijiona kipande kilichotupwa, Yesu baada ya kulisha wale elfu tano aliamuru hata vipande vilivyobaki vikusanywe, kisipotee chochote. Vikajaa vikapu kumi na viwili. Anayehesabu mabaki ya mkate hawezi kukusahau wewe. Njoo.

Tuombe: Baba, geuza nyuso zetu tuelekeane. Tia dhahabu yako pale tulipochanika. Rudisha aliyeondoka. Katika jina la Yesu, Amina.

Maswali ya ibada za nyumbani: Ni nani usiyemwangalia usoni wiki hii? Ni hesabu gani kati yenu haijaandikwa?