Bei ya Kupima

Japani ilipanga redio zake za FM kuanzia megahezi 76 hadi 90. Stesheni zetu sisi ziko kati ya 88 na 108. Ndiyo maana Probox au Noah iliyotumika ikifika Musoma, redio yake ya kiwandani hunasa stesheni mbili tatu za mwanzoni, zilizobaki haizijui. Mwenye gari atafungiwa kile kidude cha kuhamisha masafa, au ataing'oa redio na kuweka ya kioo kikubwa, yenye video na kamera ya nyuma. Wengi siku hizi huchagua kioo. Ile ya kiwandani ilikuja na soketi yake. Hii mpya mara nyingi hufungwa kwa wembe na tepu.

Shemeji yangu, mwalimu kule Butiama, alinunua Probox ambayo kioo kilishafungwa na mwenye gari wa awali. Likilala usiku mmoja, asubuhi linawaka kwa kusitasita. Likilala Jumamosi na Jumapili, Jumatatu ni kusukuma au kubusti. Kila aliyepita alikuwa na jibu: betri feki hiyo, Mwalimu. Akanunua nyingine Musoma. Nayo ikafa. Akanunua ya bei kubwa zaidi, hadithi ikawa ileile. Fundi mmoja akaapa kwamba tatizo ni alteneta, ikabadilishwa. Katika watu wote hao hakuna aliyepima kitu chochote.

Aliyepima alikuwa kijana mmoja wa Bunda. Kwanza aliuliza maswali, shemeji akaona anapotezewa muda. Kisha akaweka mita kwenye betri: injini imezimwa, volti 12.6, injini inawaka, 14 na ushee. "Mzee, betri nzima, na alteneta inachaji." Akafungua kichwa cha hasi, akaipitisha mita katikati, akafunga milango yote, akasubiri. Gari lililolala linatakiwa kula chini ya miliampea 50 hivi, za saa na alamu. Hili lilikuwa linakula karibu ampea 2. Akaanza kuchomoa fyuzi mojamoja. Alipofika kwenye ya redio, mita ikaanguka.

Nyuma ya redio za namna ile kuna nyaya tatu za kuzijua. Wa njano hupata umeme muda wote, ili redio isisahau stesheni zake. Mwekundu hupata umeme ufunguo ukizungushwa tu, na huo ndio unaoiamsha redio. Mweusi unakwenda kwenye bodi. Mtu alikuwa amesokota mwekundu na wa njano pamoja, bila shaka kwa sababu mwenye gari alitaka muziki uendelee hata akichomoa ufunguo. Kioo kilikuwa kinazimika kwa kitufe, lakini ndani redio ilikuwa macho mpaka alfajiri. Ampea 2 kwa saa 12 ni ampea-saa 24, na betri ya shemeji ni ya 45. Hapo betri ya kiwanda gani ingepona? (Afadhali fyuzi ilikuwa fyuzi kweli. Nimeshaona iliyoviringishiwa karatasi ya pakiti ya sigara. Hiyo haikati umeme, inangoja shoti iunguze gari.)

Kijana akatenganisha nyaya, akautafutia mwekundu njia yake kwenye swichi ya ufunguo, akaomba shilingi elfu kumi. Shemeji akang'aka. Elfu kumi ya nini, wakati hakuweka kifaa hata kimoja? Betri mbili na alteneta alizilipia bila kelele, kwa kuwa zilionekana na kushikika. Na si yeye peke yake. Wengi wetu hulipia kinachobadilishwa. Kule kufikiri tunataka tupewe kama nyongeza ya nyanya sokoni.

Mwaka 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Musoma ikatoa Azimio la Musoma. Tunalikumbuka zaidi kwa elimu ya msingi kwa wote, lakini liliagiza pia kwamba amalizaye sekondari afanye kazi kwanza ndipo aende chuo kikuu. Agizo hilo lililegezwa baadaye. Hofu ya wakati ule ilikuwa msomi asiyejua kushika jembe, na ilikuwa hofu ya haki. Nadhani upande wa pili hatukuutazama vya kutosha: fundi ambaye mikono yake inalipwa na kichwa chake hakilipwi. Fundi huyo ana sababu gani ya kupima? Akikwambia ununue betri anapata chochote dukani. Akikwambia betri ni nzima, anapata lawama.

Kijana yule sasa hutaja bei ya kupima kabla hajatoa mita, na ya kutengeneza huja baadaye. Wateja wengine huondoka hapohapo kwenda kununua betri. Shemeji alilipa elfu kumi yake akinung'unika, na gari linawaka kila asubuhi. Lakini ukimuuliza, atakwambia zile betri zilikuwa feki.