Bibi Hanikumbuki. Niende?



Bibi yangu yuko Makambako. Mimi nakaa Njombe mjini, na kwa Kosta wala si safari ya kuchosha, lakini tangu Pasaka hadi juzi sikukanyaga kwake. Sababu yangu ilikuwa moja: hata nikienda, hanikumbuki. Nikimwamkia anaitikia vizuri, kisha anauliza, "Wewe ni mtoto wa nani?" Ila nyapara wa shamba la chai aliyemkaripia akiwa msichana, huyo anamkumbuka! Jioni ikifika anahangaika kutafuta kikapu, eti anachelewa kupima majani.

Nikawa najiuliza: kumbukumbu zikiisha, huyu aliyebaki ni bibi yangu au mtu mwingine?

Nimepata pa kushikia kwa Mtakatifu Yosefina Bakhita wa Sudan. Alitekwa akiwa mtoto mdogo, na kwa hofu akasahau jina alilopewa na wazazi wake. "Bakhita" aliitwa na watekaji, ni Kiarabu, ndugu wa neno letu bahati (dhihaka gani hiyo!). Mwaka 1885 alipanda meli Suakin, akavuka bahari mpaka Genoa, Italia, bila hata jina la nyumbani. Alibatizwa Venice tarehe 9 Januari 1890, na mwaka 2000 Kanisa likamtangaza mtakatifu. Jina lile la kwanza halikurudi.

Wengi huishia hapo, kwenye ushindi. Mimi nimekwama kwenye kifo chake. Mwaka 1947, akiwa mgonjwa sana huko Schio, akili ilimrudisha utumwani, akawa anamwomba muuguzi amlegezee minyororo, ni mizito. Jina limepotea, minyororo imebaki. Kama mtu ni kumbukumbu zake tu, basi waliomteka ndio waliomfanya awe yeye. Hilo siwezi kulikubali. Mungu hakungoja Bakhita ajikumbuke ndipo amjue. Na muuguzi yule alikuwa anamuuguza Bakhita, si mtumwa.

Jumamosi nikapanda Kosta. "Mtoto wa nani?" Nikataja jina la baba. Akacheka: "Huyo mwanangu!" Dakika tano hazikuisha, akauliza tena. Jioni alipoanza kutafuta kikapu, nikamwambia, "Bibi, majani yameshapimwa." (Kama ni uongo, nitamuuliza padre.)

Akakaa.