Kijana Akianguka Bila Kuguswa

Tarehe 4 Desemba 2016, kwenye Uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba, vijana wa Mbao FC ya Mwanza walikuwa wanacheza na wenzao wa Mwadui ya Shinyanga katika ligi ya vijana walio chini ya umri wa miaka 20. Mshambuliaji wa Mbao, Ismail Mrisho Khalfan, alikuwa na miaka 19. Ndiye aliyeifungia timu yake bao la kwanza. Muda mfupi baadaye aligongana na beki wa Mwadui, kisha akaanguka chini. Wachezaji wa timu zote mbili walipoona hainuki walimkimbilia, wengine wakiita msaada, wengine wakilia. Alikimbizwa hospitali lakini hakuokoka. Picha za video za tukio lile zilizunguka dunia nzima, na huenda wewe msomaji ni mmoja wa waliozitazama kwenye simu.

Nawasimulia kisa hiki ndugu zangu wa Kyela na wa ufukwe wa kaskazini wa Ziwa Nyasa kwa sababu moja. Kaitaba ni uwanja wa ligi, uko mjini, na hospitali ya mkoa iko katika manispaa hiyo hiyo. Kama kijana mwenye nguvu zake aliweza kutuponyoka pale, hali ikoje kwenye viwanja vyetu vya Ipinda, Ngonga na Matema? Gari la wagonjwa likitoka Kyela mjini kwenda Matema, hata wakati wa kiangazi, halifiki kwa dakika kumi. Masika, mito ikishafurika na maji kukaa barabarani, ndiyo usiseme. Hospitali ya Rufaa ya Kanda iko Mbeya, kilomita zaidi ya mia moja, na njia ni ya kupanda milima ya Tukuyu.

Dakika kumi nimezitaja kwa makusudi. Moyo hupiga kwa umeme wake wenyewe. Umeme huo ukivurugika, moyo hutetemeka tu bila kusukuma damu, na mtu huanguka ndani ya sekunde chache. Hapo kinachomsaidia ni mikono ya kukandamiza kifua ili damu iendelee kufika kwenye ubongo, pamoja na mashine ya kushtua moyo ili mapigo yarudi katika mpangilio wake. Kila dakika inayopita bila mambo hayo, nafasi ya kupona hupungua kwa asilimia 7 hadi 10. Baada ya dakika kumi huwa imebaki nafasi ndogo sana. Kwa hiyo anayetegemea gari litoke wilayani, kwa kweli hana anachokitegemea. Msaada lazima uwe umeshafika uwanjani kabla mpira haujaanza.

Sasa tuzungumze dalili, maana hapo ndipo wengi wetu tunapoteleza, na simtoi mtu yeyote, hata mimi mwenyewe.

Mchezaji akianguka bila kuguswa na mtu, au akaanguka baada ya kupigwa mpira au kiwiko kifuani, halafu ukimwita haitiki, hesabu kwamba ni moyo. Usisubiri uhakika. Macho yanaweza kubaki wazi. Mikono na miguu inaweza kurukaruka kwa muda mfupi, na papo hapo utasikia watu wakisema ni kifafa. Anaweza kuvuta pumzi moja moja za kukoroma, watu wakafarijika kwamba anapumua. Pumzi zile si uzima, ni mwili unaokata roho. Na wakati huo sisi tunafanya nini? Tunamzunguka hadi hewa inakosekana, tunammwagia maji, tunampepea kwa jezi, tunahangaika kumfungua mdomo kwa kijiko tukiogopa atameza ulimi. Wengine wanaanza kumtafuta aliyemroga. Dakika nne au tano zinakwisha hivyo, hakuna aliyeweka mkono kifuani.

Zipo pia dalili za siku za nyuma. Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka tarehe 26 Juni 2003 kwenye uwanja wa Gerland huko Lyon, Ufaransa, dakika ya 72 ya nusu fainali ya Kombe la Mabara dhidi ya Colombia. Alianguka katikati ya uwanja, hakuna aliyekuwa karibu naye. Siku zilizotangulia alikuwa ameugua tumbo la kuhara. Kocha wake, Winfried Schäfer, alieleza kwamba alimwona amechoka akafikiria kumtoa, lakini mchezaji alitaka kuendelea. Alibebwa kwa machela, wakahangaika kumrudisha kwa takriban dakika 45, akafa akiwa na miaka 28. Uchunguzi wa pili wa mwili ulionyesha alikuwa na ugonjwa wa misuli ya moyo kunenepa kupita kiasi, ugonjwa ambao mara nyingi ni wa kurithi.

Cameroon hiyo hiyo ilimpoteza Patrick Ekeng tarehe 6 Mei 2016 mjini Bucharest, Romania. Aliingia kutoka benchi kipindi cha pili, na dakika chache baadaye akaanguka bila kuguswa. Rafiki yake alisimulia kwamba Ekeng alikuwa amemwambia anajisikia amechoka sana na hakutamani kucheza siku ile.

Mchezaji anayesema amechoka kuliko kawaida, tunamwita mvivu. Aliyetoka kuugua malaria au kuhara juzi, tunamwambia fainali ni ya ukoo mzima, avumilie. Mimi naamini wengi tunafanya hivyo kwa mapenzi ya timu wala si kwa ubaya, ndiyo maana nasema yeyote kati yetu anaweza kujikuta amempeleka kijana kwenye kifo. Kijana aliyezimia mazoezini, anayelalamika kifua kubana akikimbia, anayesikia moyo ukienda mbio bila mpangilio, asicheze tena mpaka apimwe. Na aliyepoteza ndugu wa damu kwa kifo cha ghafla angali kijana, naye akapimwe. Najua vifo vya namna hiyo katika familia zetu huwa vinapewa maelezo mengine, vinafunikwa, na watoto wanaobaki hawaambiwi kitu. Baba, mama, mjomba, mwambieni mtoto. Kipimo cha umeme wa moyo hakiumizi na huchukua dakika chache. Kikionyesha kasoro, daktari atamwelekeza Mbeya, au hata Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Kupima kunasaidia kweli. Italia ina sheria tangu mwaka 1982 kwamba anayeshiriki michezo ya mashindano apimwe kwanza. Katika mkoa wa Veneto, vifo vya ghafla vya wanamichezo vijana vilishuka kutoka 3.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka hadi 0.4, kati ya mwaka 1979 na 2004. Lakini vipimo havikamati kila kitu, ndipo mashine inapohitajika.

Tarehe 12 Juni 2021, Christian Eriksen wa Denmark alianguka Copenhagen katika mechi dhidi ya Finland, dunia ikitazama. Mwamuzi alisimamisha mchezo mara moja, nahodha Simon Kjær akamfikia na kumweka sawa, madaktari wakakandamiza kifua, wakamshtua mara moja kwa mashine, naye akazinduka pale pale kwenye nyasi. Miezi minane baadaye alikuwa anacheza tena Uingereza. Kabla yake, Machi 2012, Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka London akiichezea Bolton. Moyo wake ulikaa dakika 78 bila kupiga wenyewe, mikono ya watu ikifanya kazi yake, mashine ikimshtua mara kumi na tano, na hadi leo yu hai. Mapafu, damu na mishipa yao ni kama ya Ismail. Tofauti ilikuwa matayarisho.

Ila tusije tukadhani kununua mashine ndiyo mwisho wa kazi. Mwezi mmoja baada ya Muamba, tarehe 14 Aprili 2012, Piermario Morosini wa Livorno alianguka Pescara, Italia, akiwa na miaka 25. Mashine ilikuwepo uwanjani. Haikutumiwa. Gari la wagonjwa nalo lilikuta njia imezibwa na gari la askari lililoegeshwa vibaya. Baada ya msiba huo serikali ya Italia ilitoa amri mwaka 2013 kwamba vilabu vya michezo, hata vya ridhaa, viwe na mashine na watu waliofundishwa kuitumia. Nchi tajiri kama ile ilingoja jeneza ndipo ikaandika kanuni. Sisi tumeshapata jeneza letu Bukoba.

FIFA iligawa mikoba ya dharura yenye mashine hizi kwa vyama wanachama mwaka 2013, na kwenye Ligi Kuu yetu mechi haianzi bila gari la wagonjwa. Hayo ni mema, lakini mkoba wa taifa haufiki Ngonga. Soka la Kyela kwa sehemu kubwa ni la bonanza, la kombe la mbunge au la diwani, la mashindano ya shule ya UMITASHUMTA na UMISSETA, la vijana wanaocheza kumalizia siku baada ya kupalilia mpunga au kuvuna kakao. Mfadhili hutoa jezi, mipira, mbuzi wa bingwa na fedha za mshindi wa pili. Huduma ya kwanza huachiwa chupa ya maji na dawa ya kupuliza.

Mashine moja ni milioni kadhaa za shilingi. Ni nyingi kwa timu ya kijiji, lakini si nyingi kwa mashindano ya wilaya nzima yenye wafadhili. Ianze moja, ikabidhiwe Hospitali ya Wilaya, itoke na muuguzi kwenda kwenye kila mechi kubwa. Haihitaji umeme wa ukutani, inatumia betri, na yenyewe hupima moyo kabla ya kuruhusu mshtuko, kwa hiyo haiwezi kumdhuru aliyezimia kwa njaa. Maelekezo yake ya sauti kwa kawaida huwa ya Kiingereza, basi yaandikwe kwa Kiswahili na kubandikwa kwenye mfuniko. Betri na vile vibandiko vya kifuani vina tarehe ya mwisho, na joto na unyevu wa Kyela havisamehi kitu kilichosahauliwa stoo. Awekwe mtu mmoja mwenye jina na namba ya simu, awe anaikagua kila mwezi.

Wakati mashine inatafutwa, mikono tunayo. Weka kiganja katikati ya kifua, kingine juu yake, nyoosha viwiko, kandamiza kwa nguvu hadi kifua kishuke sentimita tano au sita, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukichoka apokee mwingine. Wauguzi wa zahanati na watu wa Msalaba Mwekundu wanaweza kuyafundisha haya kwa asubuhi moja. Wafundishwe waamuzi, walimu wa michezo, makocha, vijana wa bodaboda wanaoegesha pembeni ya uwanja. Wavuvi wa Mwaya na Matema nao wafundishwe, maana anayeopolewa ziwani bila pumzi naye anahitaji mikono hiyo hiyo, pamoja na kupuliziwa hewa mdomoni.

Namwomba kila kiongozi wa chama cha mpira wilayani aandike kwenye kanuni za msimu ujao kwamba mwamuzi hapulizi kipyenga cha kuanza mpaka aonyeshwe watu wawili waliofundishwa, gari lenye dereva ambalo njia yake haijazibwa, na mashine kwa mechi zote za robo fainali kwenda juu. Nawe uliye katibu au mlezi wa timu, kabla hujalipa kiingilio cha mashindano, waulize waandaaji: kijana wetu akianguka, nani atamkandamiza kifua, na mashine iko wapi? Wakikosa jibu, usilipe mpaka walipate.