Diski Mpya, Jina la Zamani

Kisa ninachowapa vijana wanaoingia kwenye kazi ya seva nimekitunga, lakini hakuna hatua hata moja ndani yake isiyotokea kwenye vyumba vya kompyuta. Nimekiweka Mpanda, mkoani Katavi, kwa makusudi. Kosa hili likifanyika Dar es Salaam, duka la spea liko jirani na mtaalamu wa kuokoa data anafikika kwa bodaboda. Likifanyika Mpanda, msaada uko umbali wa zaidi ya kilomita 1,000.

Tuseme kuna chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku. Seva yao ni moja, imewekwa chumba cha mhasibu, pembeni ya kabati la mafaili. Ndani ina diski mbili. Ya kwanza inabeba mfumo. Ya pili, ya TB 2, inabeba data: kilo za kila belo lililopimwa, daraja lake, bei yake, na deni la pembejeo la kila mkulima tangu mbolea iliposhushwa. Msimu wa masoko umepamba moto na diski ya data imejaa. Mpya ya TB 4 imeshuka na basi la jioni, na fundi ameahidi kwamba asubuhi wakulima watakuta kila kitu kinakwenda.

Huyu fundi si mzembe. Kabla ya kuzima mashine anafungua daftari lake na kuandika: sdb ni data, sdc itakuwa mpya. Anafunga diski, anawasha, anatazama. Diski mpya haionekani. Anazima, anabadilisha kebo za data, ya huku anaipeleka kule, anawasha tena. Bado. Mwisho anagundua kwamba waya wa umeme wa diski mpya haukuingia mpaka mwisho. Anausukuma, unalia tik, anawasha. Safari hii sdc ipo.

"Kaka, imesoma?" mhasibu anauliza kutoka mlangoni, mkoba uko begani.

"Imesoma, Mama. Wewe nenda tu."

Anatazama orodha. Mbele ya sdc pameandikwa 1.8T. Diski aliyoagiza ni ya TB 4, ambayo kwenye orodha hiyo hutokea kama 3.6T. Anasita kidogo, halafu anakumbuka kitu alichowahi kusoma, kwamba mtindo wa zamani wa kugawa diski hauvuki TB 2. Basi ndiyo hiyo, anajiambia, nitaigawa upya baadaye. Anaandika amri ya kuifomati. Mashine inamjibu kwamba diski hii tayari ina mfumo wa faili, mara ya mwisho uliunganishwa kwenye /data, na inataja tarehe ya leo. Aendelee? Anajua kwamba diski nyingine hutoka kiwandani zikiwa zimeshafomatiwa. Anabonyeza y.

Anapotaka kuhamisha data kutoka sdb ndipo anaambiwa kwamba sdb haina kitu.

Turudi nyuma, maana hapa watu wengi huvuka haraka wakisema "alikosea diski". Kwenye Linux sda, sdb na sdc si majina ya diski. Ni namba za foleni: aliyekuwa wa pili jana anaweza kuwa wa tatu leo, ikitegemea nani alionekana kwanza mashine ilipowaka. Fundi alipobadilisha kebo, diski mpya ilihamia tundu la mbele na ya zamani ikaenda la nyuma. Waya wa umeme ulipokaa sawa, mpya ikachukua jina la sdb, na ya zamani, yenye jasho la msimu mzima, ikawa sdc. Daftari lake lilikuwa sahihi kabisa kwa mashine ya saa moja iliyopita.

Na mashine haikulalamika ilipowaka. Faili la fstab, linaloeleza diski gani iunganishwe wapi, liliandikwa kwa jina la sdb badala ya kitambulisho cha UUID, ambacho huandikwa ndani ya mfumo wa faili na hakibadiliki kwa kuhamisha kebo. Tena aliyeliandika aliweka neno nofail, ili seva isikwame diski ikikosekana. Neno hilo lina kazi yake nzuri mahali ambapo umeme hukatika na mashine hujiwasha bila mtu. Usiku ule lilinyamazisha kengele ya kwanza.

Kinachoniuma katika kisa hiki ni kengele nyingine mbili, kwa sababu hizo zilisikika na zikajibiwa. Jibu la TB 2 ni elimu nusu. Ni kweli kwamba jedwali la zamani la MBR haliwezi kuandika anwani zaidi ya takribani TB 2.2, lakini kikomo hicho kinahusu namna ya kuigawa diski. Hakiifanyi diski ya TB 4 iorodheshwe kuwa ya TB 2. Jibu la kufomatiwa kiwandani nalo ni elimu nusu: diski nyingi za nje za dukani huja na mfumo wa faili wa kutumiwa na Windows, wala haziwezi kuja na kumbukumbu ya kuwa ziliunganishwa leo kwenye /data ya chama cha wakulima wa Katavi. Asiyejua chochote angeshtuka na kupiga simu. Huyu alijua kiasi cha kutosha kujipa maelezo. Alikuwa amehangaika saa nzima akitaka sdc iwe diski mpya, na kila ushahidi uliokuja akautafsiri kufuata shauku hiyo.

Ndiyo maana nawarudisha vijana kwenye meinifremu, zile kompyuta kubwa za mabenki makubwa ya dunia, ingawa wengi wao hawataigusa hata moja. Kwenye mfumo wa z/OS wa IBM, diski mpya haitumiki mpaka iandaliwe kwa programu inayoitwa ICKDSF. Kila diski iliyoandaliwa ina jina lisilozidi herufi sita, limeandikwa ndani ya diski yenyewe. Anayetaka kuiandaa upya hutaja anwani ya kifaa, kisha kwa neno VERIFY hutaja jina analotarajia kulikuta humo. Likikutwa jina jingine, kazi inakataliwa. Kwa diski ambayo haijawahi kutumika, anaweza kutaja kwamba anatarajia kukuta hakuna jina lolote. Kisha hutokea ujumbe wa ICK003D ukimtaka mwendeshaji ajibu U kama anakubali yaliyomo yabadilishwe, au T kama hakubali. Wapo wanaoandika NOVERIFY ili wasisumbuliwe, na hapo ulinzi wote unabaki kwenye kumbukumbu ya mtu aliyechoka.

Uzuri wa utaratibu ule ni kwamba unakulazimisha useme unachotarajia kabla ya kuona. Seva ndogo ya Mpanda haikulazimishi, lakini inakuruhusu. Kila diski ina namba ya kiwandani iliyochapwa kwenye karatasi iliyobandikwa mgongoni mwake, na namba hiyo hiyo husomeka kwa amri ya lsblk ukiiomba ioneshe safu ya SERIAL. Iandike namba kwenye daftari ungali umeishika diski mkononi, kabla ya kuifunga. Kisha, siku ya kufomati, usitafute sdb wala sdc, tafuta namba. Halafu endesha amri ya wipefs peke yake, bila kuiongezea kitu, ambayo haifuti bali huorodhesha alama za mifumo ya faili iliyozikuta. Diski mpya kabisa ya kufunga ndani haitakiwi kuwa na alama. Ikiwa nayo, hakuna cha kueleza. Zima, toa, tazama karatasi.

Na diski inapokuwa haionekani kabisa, anza chini upande juu. Umeme umefika? Kebo imekaa? Ile skrini ya kwanza ya mashine inaiona, kabla mfumo haujawaka? Kontrola inaiona? Kwenye seva zenye kontrola ya RAID, diski iliyowahi kutumika kwenye mashine nyingine huweza kuoneshwa kuwa ngeni, nawe ukapewa kuchagua kuupokea mpangilio wake au kuufuta. Usichague lolote kabla hujajua ilikotoka. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na ukishabadilisha, jua kwamba ulichoandika awali hakitumiki tena. Fundi wetu alibadilisha kebo mbili pamoja, kisha akaendelea kusoma ukurasa wa zamani.

Asiyeamini kwamba haya huwapata wenye uwezo asome kilichotokea Alaska, Marekani, Julai 2006. Fundi wa idara ya mapato ya jimbo, akiwa kwenye matengenezo ya kawaida, alifomati diski yenye taarifa za waombaji wa gawio la mfuko wa mafuta wa jimbo, mfuko uliokuwa na thamani ya dola bilioni 38. Kisha kwa makosa akafomati na diski ya akiba. Wakakimbilia tepu, ngome ya tatu, na tepu hazikusomeka. Picha za nyaraka zipatazo 800,000, kazi ya miezi 9, zilikuwa zimetoweka. Kilichowaokoa ni maboksi ya karatasi zaidi ya 300 yaliyokuwa bado hayajatupwa. Watu wapatao 70 waliitwa kuskani upya, jioni na mwisho wa wiki, kwa gharama iliyozidi dola 200,000, na gawio likalipwa kwa wakati. Tepu zile zilikuwa zikiandikwa. Kosa ni kwamba haikujulikana kama zinasomeka mpaka siku ziliposhindwa kusomeka.

Tanzania nayo ina kidonda chake cha zamani. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka michache baadaye mfumo wa hesabu za serikali uliowekwa kwenye kompyuta ukavurugika, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Watu wakipoteza imani na kumbukumbu za mashine, huikataa mashine yenyewe, na hilo linaweza kukipata chama cha tumbaku kama lilivyoipata nchi. Mkulima wa Inyonga akiambiwa kwamba belo zake hazimo na deni lake halijulikani, msimu ujao atataka daftari na peni, nami sitamlaumu. Katavi ina watu wanaojua uzito wa maandishi. Wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972 na kupewa makao Katumba, Mishamo na, kule Tabora, Ulyankulu, walikubaliwa uraia mwaka 2010, zaidi ya watu 160,000. Vyeti vikaanza kutolewa 2014. Miaka yote hiyo katikati walikuwa raia bila karatasi ya kuonesha.

Turudi kwa fundi wetu. Sasa yuko mbele ya skrini na data imefutwa jina. Nasema imefutwa jina kwa sababu kufomati kwa haraka diski ya kuzunguka huandika upya ramani yake, na sehemu kubwa ya yaliyomo huwa bado imelala palepale mpaka iandikwe juu yake. Maana yake dakika inayofuata ina thamani kuliko saa nzima iliyopita. Asijaribu kurekebisha. Asiendeshe programu ya ukarabati, kwa kuwa nayo huandika. Azime mashine na kuichomoa ile ya TB 2, na hapo ana bahati ambayo wengi hawana: ile mpya ya TB 4 bado ni tupu. Akiwasha mashine nyingine, akaziunganisha zote mbili na kuzitambua kwa namba ya kiwandani, anaweza kuinakili iliyoharibika kipande kwa kipande mpaka mwisho, kisha wataalamu wahangaike na nakala, asili ikae kabatini. Na ampigie mhasibu simu usiku uleule, kabla watu hawajaanza kuingiza belo za kesho kwenye mfumo mtupu.

Kuhusu bakapu, vijana wa Mpanda huniambia kwamba ipo, na wengi husema kweli. Ninachouliza ni iko wapi. Mji huu ulikaa miaka mingi kwenye umeme wa majenereta ya dizeli, na diski za hapa zinajua kuzimika ghafla. Bakapu iliyochomekwa muda wote kwenye seva ileile hupigwa na umeme uleule, na mkono uliokosea sdb na sdc unaweza kukosea na sdd. Iwepo moja inayochomolewa na kulala jengo jingine. Spea huja kwa basi kupitia Tabora, au kwa treni inayoachana na reli ya kati pale Kaliua, na intaneti ikilemewa huwezi kuvuta TB 2 kutoka mbali kwa usiku mmoja.

Kisha ijaribiwe. Jaribio lenyewe halihitaji mtaalamu: kila mwezi, kwenye kompyuta nyingine kabisa, rudisha bakapu ya wiki iliyopita na mwombe mhasibu achague mkulima yeyote anayemtaka. Achukue stakabadhi ya karatasi ya mkulima huyo kutoka kwenye faili, asome kilo, daraja na deni, nawe usome kwenye skrini. Yakilingana, andika tarehe kwenye daftari na mhasibu aweke sahihi. Yasipolingana, hakuna diski inayoguswa ofisini hapo mpaka ijulikane kwa nini.