Barua na Watu Waliokwenda Nayo

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Matendo 15:22–33, Wakolosai 4:7–9, 16, 2 Yohana 12, 2 Wathesalonike 2:1–5 na 3:17, Yeremia 29:1–9, 24–29, Mathayo 18:15–17, Marko 12:41–44.

Fungu la kukariri: 2 Yohana 12. Kila mshiriki alisome katika Biblia yake mwenyewe.

Tuseme karani wa kanisa anatuma tangazo Alhamisi jioni katika kundi la WhatsApp la washiriki: ibada ya Sabato hii haitafanyika kanisani, itafanyika kwenye uwanja wa makambi. Kabla dakika kumi hazijapita, watu wengi wamejibu "Amina." Sabato asubuhi mama mjane mwenye miaka sabini na kitu, ambaye simu yake ni kitochi, anafika kanisani na Biblia yake na kukuta kufuli mlangoni. Anakaa kwenye ngazi hadi saa nne, akidhani wenzake wamechelewa. Kisha anarudi nyumbani.

Hakuna aliyemkosea kwa makusudi. Karani alitangaza, na anaweza kuonyesha kwamba alitangaza. Zamani tangazo kama hilo lingesomwa mbele ya kanisa, na asiyekuwepo angepelekewa habari na jirani au na mtoto aliyetumwa (na mtoto naye aliweza kusahau njiani, tusiisifu sana zamani). Lakini wakati ule, aliyekosa habari alikuwa na mtu wa kumwuliza. Sasa habari inasemekana imewafikia wote, na "wote" maana yake ni walio kwenye kundi.

Ndivyo mawasiliano ya kidijitali yanavyogeuza taasisi yoyote, iwe shule, serikali ya mtaa au kanisa. Kasi ni sehemu ndogo tu ya mageuzi hayo. Yanabadili nani anahesabiwa kuwa ndani, uamuzi unafanywa wapi, na mtu anashtakiwa mbele ya nani. Mitume nao walikuwa na chombo cha kufikisha neno mbali, yaani barua. Juma hili linaangalia jinsi walivyoitumia, na hasa ni nani waliyemtuma pamoja nayo.

JUMAPILI
Baraza la Yerusalemu

Soma Matendo 15:22–33. Barua yenyewe ina mafungu mangapi? Ni nani walioibeba?

Fujo ya Antiokia ilianza na maneno yasiyo na mwenyewe. Fungu la 24 linaeleza kwamba watu fulani walitoka Yerusalemu wakawasumbua ndugu kwa mafundisho yao, na viongozi wanasema wazi kwamba hawakuwa wamewaagiza. Mitume na wazee walipokwisha kuafikiana, wangeweza kumkabidhi barua yao fupi msafiri yeyote aliyekuwa akielekea kaskazini. Badala yake waliwachagua Yuda Barsaba na Sila, watu wakuu miongoni mwa ndugu, wakawatuma safari ya kilomita kama 500 pamoja na Paulo na Barnaba. Fungu la 27 linatoa sababu: watu hao wangesema kwa vinywa vyao mambo yale yale yaliyoandikwa. Wakakaa huko muda. Mtu wa Antiokia ambaye hakuelewa sharti fulani katika barua alikuwa na Sila wa kumwuliza.

Kanisa la leo limelazimika kufikiri juu ya jambo hilo hilo katika ngazi ya juu kabisa. Kikao cha Konferensi Kuu kilichokuwa kifanyike Indianapolis, Marekani, mwaka 2020 kiliahirishwa kwa sababu ya UVIKO-19, kikaahirishwa tena, na hatimaye kikafanyika St. Louis tarehe 6 hadi 11 Juni 2022. Kabla yake, Januari 2022, kikao maalumu kilikutana Silver Spring kurekebisha katiba, ili wajumbe wasioweza kusafiri washiriki na kupiga kura kwa mtandao. Angalia utaratibu uliofuatwa. Kwanza kanisa lilikubaliana ni nani ana haki ya kupiga kura na kwa njia gani, ndipo vifaa vikatumika. Katika makanisa mahalia mambo huenda kinyume. Siku moja mzee wa kanisa anauliza swali kwenye kundi la baraza, watu sita wanaweka alama ya kidole gumba, na Jumapili fundi anaanza kubomoa ukuta. Hakuna aliyeuliza kama kidole gumba ni kura, wala kama wale watano walionyamaza walikuwa wamekubali, wamekataa, au hawakuwa na bando.

Katika kanisa lako, ni maamuzi gani yanayofanywa kwa simu? Nani aliamua kwamba yafanywe hivyo?

JUMATATU
Lile Ambalo Paulo Hakuliandika

Soma Wakolosai 4:7–9. Paulo yuko kifungoni, na Wakolosai bila shaka wanataka kujua hali yake. Lakini haandiki habari hizo. Anasema Tikiko atawaeleza, pamoja na Onesimo. Linganisha na Waefeso 6:21, 22, ambako anafanya vivyo hivyo. Mwandishi hodari namna hii hakushindwa kuongeza mistari mitano juu ya afya yake na kesi yake. Aliyaacha mambo hayo yasimuliwe na mtu aliyekuwa naye chumbani, mtu anayeweza kuulizwa na anayeweza kuona machozi ya anayeuliza.

Hata hivyo Paulo hakuidharau barua. Katika fungu la 16 anaagiza ile ya Wakolosai isomwe pia Laodikia, na wao wasome ile itokayo huko. Huko ndiko kusambaza ujumbe, tena kwa agizo la mtume. Yohana mzee naye alitumia karatasi na wino, ila katika 2 Yohana 12 anaonyesha mahali chombo hicho kinapoishia: kuna mambo mengi aliyoyaweka mpaka atakapofika, waonane uso kwa uso.

Ni mambo gani ambayo wewe huyaweki kwenye simu mpaka uonane na mwenzako? Kama hayapo, kwa nini?

JUMANNE
Barua Isiyotoka kwa Paulo

Soma 2 Wathesalonike 2:1–5 na 3:17.

Thesalonike walipata habari kwamba siku ya Bwana imekwisha kuja, na inaonekana habari hiyo ilivaa jina la Paulo. Kwa hiyo mtume anamaliza waraka wake kwa salamu za mkono wake mwenyewe, alama ya kuutambulisha kila waraka wake. Na katika 2:5 anawakumbusha aliyowaambia alipokuwa pamoja nao. Kipimo chao dhidi ya uzushi kilikuwa mtu waliyemjua na mafundisho waliyoyasikia kwake.

Waadventista wana udhaifu wao hapa, na ni afadhali usemwe darasani kuliko kunong'onezwa. Watu wanaongojea kurudi kwa Bwana huvutwa upesi na habari inayodai kwamba unabii umetimia jana usiku. Sauti ya mtu asiyejitaja inasema sheria ya Jumapili imepitishwa katika nchi fulani. Mwishoni anaagiza itumwe kwa watu kumi. Hakuna tarehe, hakuna jina la bunge. Inatumwa. Baada ya miezi saba inarudi tena kama habari mpya. Aprili 2020, uzushi kuhusu UVIKO-19 ulipozidi, WhatsApp iliweka kizuizi: ujumbe ambao tayari umesambazwa mara nyingi uweze kupelekwa mahali pamoja tu kwa wakati mmoja. Kampuni ya biashara iliona haja ya kuwapunguzia watu mwendo. Mithali 14:15 ilikuwa imesema jambo hilo bila simu.

Na kuna hasara ambayo haionekani mara moja. Kijana aliyepokea "unabii" wa namna hiyo mara nne na kuukuta ni uongo mara nne, atausikilizaje Danieli 7 ukifundishwa?

JUMATANO
Sefania Alipopokea Ujumbe

Soma Yeremia 29:1–9, kisha 24–29.

Sura hii ina barua mbili. Ya kwanza ni ya Yeremia kwa mateka wa Babeli, nayo ilipelekwa na watu wanaotajwa kwa majina, Elasa na Gemaria. Ya pili ilitoka Babeli kwenda Yerusalemu. Shemaya Mnehelami alituma nyaraka kwa jina lake mwenyewe, kwa watu wote walioko Yerusalemu, kwa Sefania kuhani na kwa makuhani wote, akitaka Yeremia akemewe na kufungwa. Hakumwandikia Yeremia. Aliandika juu yake, kwa kila mtu.

Sefania alikuwa na njia nyingi mbele yake. Angeweza kuusoma waraka hekaluni, au kuunakili na kuwapa wengine, au kuuficha kwa ajili ya siku nyingine. Fungu la 29 linasema aliusoma masikioni mwa Yeremia. Basi. Biblia haituambii kama alimpenda nabii huyo au alimchoka. Alichofanya ni kuyachukua maneno yaliyosemwa juu ya mtu na kuyafikisha kwa mtu mwenyewe, naye akapata nafasi ya kujibu mbele za Mungu.

Sasa tuseme ni saa nne usiku, na katika kundi la kanisa lenye watu mia mbili linaingia neno juu ya binti wa kwaya: ameonekana mahali fulani, na fulani. Aliyeandika anaufuta ujumbe baada ya robo saa, lakini tayari umepigwa picha. Asubuhi umefika kwa washiriki waliohamia Dubai na Marekani ambao wangali kwenye kundi, na kwa watu wasio wa kanisa hilo. Binti anauona saa kumi na mbili alfajiri akiwa jikoni.

Mathayo 18:15–17 inaanza na watu wawili peke yao. Kisha mashahidi wawili au watatu. Kanisa ni hatua ya mwisho. Kundi la simu limeanza na hatua ya mwisho, tena limevuka kanisa likaenda hadi barazani kwa watu. Kanuni ya Kanisa inampa mshiriki haki ya kuarifiwa mapema kabla ya kikao cha kumrudi, na haki ya kusikilizwa. Usiku ule hapakuwa na kikao, hakuna aliyemwarifu, na hukumu imetolewa. Mchana anajitoa kwenye kundi. Maongezi yanaendelea na habari za michango ya harusi. Katika kitabu cha karani yeye bado ni mshiriki. Miezi sita inapita bila mtu kubisha hodi kwao, maana kila mmoja anadhani mwenye jukumu ni mwingine.

Huenda alikosa kweli. Hilo halibadili kitu katika Mathayo 18, kwa kuwa maagizo yale yalitolewa kwa ajili ya aliyekosa. Mika 7:19 inasema Mungu hutupa dhambi katika vilindi vya bahari. Simu za washiriki hazina vilindi. Mwaka wa tatu, binti ametubu, ameolewa, amechaguliwa kuwa mwalimu wa watoto, na mtu anaitoa ile picha.

Kuna mzee wa kanisa aliyekuwa kwenye kundi usiku ule. Angeweza kufanya nini ndani ya saa moja ya kwanza? Mjadili kwa kutaja hatua moja moja.

ALHAMISI
Sanduku la Hazina

Soma Marko 12:41–44.

M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na zaka ikapata njia mpya. Msafiri hutuma akiwa njiani, na mtoaji hatangazwi, jambo linalopatana na Mathayo 6:3. Mwaka 2020, nyumba za ibada zilipofungwa Kenya, simu ilibeba sadaka, somo la Shule ya Sabato na maombi pia. Zilipofunguliwa Julai kwa masharti, wenye umri wa zaidi ya miaka 58 na watoto chini ya miaka 13 walitakiwa kubaki nyumbani. Kwa wazee wengi simu ya mjukuu ndiyo iliyokuwa kanisa. Hizo ni neema, na haifai kuzisema kwa shingo upande.

Lakini Yesu alimwona mjane kwa sababu alikaa kuelekea sanduku la hazina. Shemasi anayepitisha kikapu safu kwa safu huona nani hayupo na nani amekonda. Mtunza hazina anaona namba na kiasi.

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Julai 1849, James White alipochapisha huko Connecticut nakala elfu moja za toleo la kwanza la gazeti Present Truth, kikundi kidogo cha waumini kilizikunja, kikaandika anwani, kikapiga magoti kuzizunguka na kuziombea. Kisha White akazitia katika mfuko wake na kuzipeleka posta kwa miguu. Gazeti lilikuwa chombo cha kasi kwa wakati wao, nao hawakukiogopa.

Maswali ya kujadili:

1. Je, kanisa lenu lina kanuni yoyote ya kuongoza kundi lake la simu? Ni nani aliyepewa wajibu wa kuzuia shutuma dhidi ya mtu, na je, amepewa kwa kura au ni kwa sababu tu yeye ndiye aliyelifungua kundi?

2. Mtu akikuletea ujumbe juu ya mshiriki mwenzako, mfano wa Sefania ungekugharimu nini?

3. Chukueni orodha ya washiriki kutoka kwa karani na orodha ya walio kwenye kundi, mzisome pamoja. Majina gani yapo katika ya kwanza na hayapo katika ya pili? Kabla darasa halijafungwa, andikeni mbele ya kila jina nani atakwenda, na siku gani.