Simu Ni ya Nani?

Alfajiri moja mwaka jana, simu ya mdogo wangu ilijifunga. Anaendesha bodaboda Mbagala, na simu aliichukua kwa mkopo: unalipa kidogo kila siku, ukichelewa kioo kinabaki na ujumbe wa kudai tu. Wateja wake wa asubuhi hawakumpata. Simu ilikuwa mfukoni mwake, ina chaji, lakini haikuwa yake.

Nikaapa yangu itakuwa yangu. Nasoma shahada ya uzamili, nilikuwa na akiba ya laki tatu, na nilishasoma habari za programu huria: zile ambazo mtumiaji ana haki ya kuziendesha, kuzichunguza, kuzibadilisha na kuzigawa. Richard Stallman, aliyetangaza mradi wa GNU mwaka 1983, amelazimika kueleza tena na tena kwamba hazungumzii bei, maana Kiingereza kina neno moja kwa mambo mawili. Sisi tunayo mawili, huru na bure, na hatuyachanganyi. Nilidhani hilo linatosha.

Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kulinifundisha lingine. GrapheneOS inataka Pixel, na Pixel mpya siiwezi. Zilizotumika zipo, lakini baadhi ziliuzwa kwanza na kampuni za mitandao za Marekani, na kufuli lake halifunguki. LineageOS inakubali aina nyingi zaidi, ila zile za bei nafuu zilizojaa madukani sikuzikuta kwenye orodha yake.

"Dada, watu wanauliza kamera na betri," muuzaji aliniambia. "Kufuli? Wewe ndiye wa kwanza."

Wiki ya tatu nikapata Pixel kuukuu yenye ufa, inayofunguka. Nikaiweka LineageOS. Kesho yake programu ya benki ikagoma: haiiamini simu iliyobadilishwa na mwenyewe. Sasa napanga foleni dirishani.

Nilimwonyesha mdogo wangu, nikamwambia hii hakuna wa kuifunga. Akaigeuzageuza.

"Dada, na mimi ningekuwa na laki tatu mkononi, ningekopa?"

Sikuwa na jibu. Uhuru wangu nimeununua kwa fedha taslimu na kwa wiki tatu za kuzunguka. Yeye hana hata siku moja ya kupoteza. Na bila lile kufuli, pengine hakuna ambaye angemkopesha. Kufuli lake ni sehemu ya makubaliano: aliliona, akalikubali, na lina tarehe ya mwisho.

Kinachonisumbua ni kufuli la pili, la mtengenezaji, ambalo hakuna aliyemtajia na halina tarehe. Mkopeshaji akishalipwa chake, kwa haki gani mtu mwingine anabaki na ufunguo? Nyumba hatuuziani hivyo. Hata baiskeli hatuuziani hivyo.

Deni lake linaisha Desemba. Nimeipekua orodha mara mbili. Simu yake haimo.