Pishi Moja, Nafaka Mbili

Je, hofu ya mtu juu ya umbo lake yaweza kupimwa? Mwaka 1989 wanasaikolojia watatu wa Marekani, Hart, Leary na Rejeski, walitunga kipimo cha sentensi 12. Mwenye kupimwa huipa kila sentensi namba, tangu 1 hadi 5, kwa kadiri inavyomwelekea; jumla yake huchukuliwa kuwa ndiyo kiasi cha wasiwasi alio nao watu wautazamapo mwili wake. Kwa kawaida wanawake hupata jumla kubwa kuliko wanaume, na ni wepesi wa kuhukumu watakaosema kwamba mwanamume ametulia.

Hukumu hiyo yafaa kutazamwa upya. Pishi ni vibaba vinne, iwe ya mchele au ya makapi, lakini uzito haulingani. Huko Marekani mwanamke aghalabu huogopa kuonekana mnene. Mwanamume huweza kuogopa kuonekana mwembamba na dhaifu. Ndiyo maana mwaka 2000 McCreary na Sasse walitoa kipimo kingine, cha sentensi 15, kuhusu tamaa ya misuli. Tena, mwanamume aliyefunzwa tangu utotoni kwamba hofu ni aibu huenda akaificha hata mbele ya karatasi.

Basi namba ndogo si ushahidi wa moyo mtulivu. Wajibu wa mwenye kupima ni kuuliza kwanza iwapo swali lina maana ile ile kwa wote wawili. Asiyefanya hivyo humdhulumu mwanamke kwa kumwita dhaifu, na humdhulumu mwanamume kwa kumwacha peke yake na hofu asiyoruhusiwa kuitaja.